Bingwa wa Duka la Jeilani

Ghada alimletea mjomba wake, Alwi, kitabu alichokichora siku ya Jumatano baada ya alasiri, akiwa bado amevaa sare ya shule. Kilikuwa na kurasa arubaini na mbili zilizochorwa kwa kalamu nyeusi, zikatolewa fotokopi na kushonwa kwa uzi upande wa kulia, kwa sababu kilisomwa kutoka kulia kwenda kushoto kama manga, katuni za Wajapani. Mwalimu Wairimu, aliyeanzisha klabu ya manga pale shuleni, alikuwa na wasiwasi kwamba wasomaji wa Lamu wangechanganyikiwa. Wasichana walimcheka kidogo. Wote walianza kusoma Kurani chuoni, kutoka kulia, kabla hawajajua shule ni nini.

Alwi alikipokea kwenye kaunta ya duka lake la mabomba na mifereji, akafuta mikono, akakitazama. Juu ya jalada alikuwapo yeye mwenyewe, kijana wa miaka kumi na mitano mwenye macho makubwa yanayong'aa na nywele zilizosimama kama zimepigwa na upepo, mkono mmoja umeshika kishikio cha mashine ya gemu. Kichwa cha kitabu kiliandikwa kwa herufi nene: BINGWA WA LANGONI.

"Nywele nimeziongeza," Ghada alisema.

Habari zote za kitabu kile alikuwa amezitoa kwa Alwi. Mwezi wa Ramadhani alikuja na daftari, akamuuliza maswali kwa siku tatu: mashine ilikuwa na rangi gani, viganja vilitoka jasho au havikutoka, ndege za adui zilipokuja kwa kundi alifanyaje. Alwi alimjibu yote bila kusita. Sasa aliyakuta majibu yake yamechorwa. Kwenye ukurasa wa kumi na saba, kijana wa kwenye jalada alibana midomo na kuhesabu zile ndege kwa Kiarabu, wahid, ithnain, thalatha, ili ajue ni wakati gani ile ya saba ingemrukia. Kwenye ukurasa wa ishirini, msichana aliyejitanda kanga alimletea chai kwenye sinia. Huyo alikuwa Hadia, dada yake Alwi, mama yake Ghada. Alionekana tena karibu na mwisho, amesimama mlangoni na sinia lake, anatabasamu. Basi.

Alwi aliuliza kama Hadia amekiona. Ghada alisema amekisoma chote jana, ameketi kitandani, na alipomaliza alisema picha zimetoka vizuri na lile sinia limefanana sana na sinia la nyanya.

"Hakusema jingine?"

"Aliniuliza ile habari ya kuhesabu nimeitoa wapi. Nikamwambia kwako."

Alwi alisema kitabu ni kizuri sana. Ghada alifurahi, akamkumbusha kwamba siku ya tamasha ni Jumamosi saa nne, kwenye ukumbi wa shule, na kwamba yeye ndiye mgeni wa heshima. Ile mashine ya zamani ilikuwa imepatikana ghalani, na fundi kutoka Mokowe, Bwana Bramwel, alikuwa ameifufua. Alwi ndiye angecheza wa kwanza.

Msichana alipoondoka, Alwi alikitia kitabu chini ya kaunta, chini ya mabunda ya risiti, kama mtu anayeficha kitu cha wizi.

Mwaka ambao mashine ile ilikuja Lamu, Alwi alikuwa na miaka kumi na mitano na Hadia kumi na sita. Ami yao Jeilani aliileta kutoka Mombasa na kuiweka kwenye duka lake, na duka hilo liligusana mgongo na nyumba yao. Kulikuwa na mlango mdogo wa ndani uliotokea uani. Baada ya adhuhuri Jeilani alifunga duka akaenda kula na kulala. Saa hizo Hadia alitumwa kufagia. Alipomaliza kufagia aliiwasha mashine, na kwa kuwa Jeilani aliacha ufunguo wa kisanduku cha sarafu msumarini, alicheza alivyotaka.

Alwi alikuwa akiketi juu ya gunia la mchele na kumtazama. Mwenyewe alikuwa mchezaji wa kawaida, alipata dakika mbili tatu akafa. Hadia alikuwa kitu kingine. Aliisoma ile mashine kama alivyosoma hesabu, somo lililomfanya awe wa kwanza darasani tangu msingi. Aligundua kwamba ndege za adui hazikuja ovyo. Zilikuwa na mpango, na mpango ulijirudia. Alihesabu chini ya pumzi, na vidole vyake vilikwenda kabla ya hatari kufika.

Siku moja alicheza mpaka karibu na alasiri bila kufa. Alipokufa, namba zilikuwa laki mbili na elfu kumi na nane, na hakuna kijana wa mtaa wao wa Langoni aliyewahi kufika hata laki. Mashine ikataka herufi tatu za jina. Hadia alitia H, kisha akasimama. Wote wawili walijua kwamba saa kumi vijana wangejaa pale dukani, na jina la msichana likionekana kwenye kioo kile, baba yao, Maalim, angelijua kabla ya magharibi.

"Tia lako," Hadia alisema, na Alwi akatia lake.

Mpaka hapo hakukuwa na kosa. Kosa lilianza saa kumi, vijana walipoliona jina wakambeba Alwi juu kwa juu hadi mlangoni, naye akacheka. Umeme ulipokatika jioni ile rekodi ilifutika, lakini Jeilani alikuwa ameshaiandika kwenye kadibodi na kuitundika juu ya mashine. Haidar, rafiki yake mkubwa Alwi, ndiye aliyeanza kumwita Bingwa. Alwi alipotakiwa acheze mbele ya watu alisema hana haja ya kuonyesha kitu alichokwisha kukithibitisha, na maneno hayo yalimwongezea sifa.

Hadia hakulalamika. Aliendelea kucheza mchana, miezi mitatu zaidi.

Kisha ikaja siku ambayo mashine iliharibika na Jeilani akamwita fundi kutoka bara. Fundi alifanya kazi yake asubuhi, akatoka kabla ya adhuhuri, akarudi mara moja, kwa ufunguo wa Jeilani, kuchukua bisibisi aliyoisahau. Jirani mmoja alimwona akitoka mlango wa mbele wa duka lililofungwa. Muda mfupi baadaye alimwona Hadia naye akichungulia mlango uleule kuona kama njia ni tupu, maana alikuwa ameisikia mashine ikifanya kazi tena na alitaka kujua kama ami yake amelala. Hayo mawili yalitosha. Kwa siku mbili mji ulinong'ona kwamba wawili hao walikuwa pamoja mle ndani, na siku ya tatu yalimfikia Maalim.

Baba yao hakuwa mtu wa kupiga. Alimketisha Hadia mbele yake akamuuliza alikuwa akifanya nini dukani mchana, mlango umefungwa. Hadia alimwambia kweli. Alisema alikuwa akicheza gemu, amekuwa akicheza miezi mingi, yeye ndiye aliyepata zile namba za kwenye kadibodi, na Alwi alikuwapo kila siku, na aulizwe.

Maalim alimwita Alwi. Alwi aliwaona wote wawili: baba yake na tasbihi mkononi, na dada yake akimtazama kwa macho makavu kabisa, bila hofu, kwa sababu alijua shahidi wake amefika.

Baba aliuliza kama ni kweli Hadia alikuwa akicheza mchezo ule, naye Alwi akiwa pamoja naye.

Alwi aliifikiria kadibodi. Aliufikiria uso wa Haidar.

"Sijui," alisema.

Hakusema jingine, wala hakuulizwa tena. Wiki ile Hadia alitolewa shule, akiwa kidato cha pili. Kabla ya mwaka kwisha aliolewa Kiwayu na mtu mwema kiasi, mtu aliyemzidi miaka kumi na tisa. Alikaa huko mpaka mumewe alipofariki, akarudi Lamu na watoto wanne, akaanza kushona. Maalim alikufa akiamini kwamba binti yake mkubwa alimwambia uongo. Na Hadia na Alwi walikwenda kwenye harusi na matanga, walipelekeana futari, waliuguzana, na miaka ishirini na saba ikapita bila yeyote kati yao kulitaja neno lile moja.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wasichana wa klabu walikuwa wameshona wenyewe mavazi ya mashujaa waliowabuni, majoho na panga za mbao, wakafunga na hijabu za rangi ya zambarau na buluu juu yake. Ukutani walitundika kurasa walizozichora. Mwalimu Wairimu, mwanamke wa Nyeri aliyefundisha sanaa pale kwa miaka sita, alitoa hotuba fupi kuhusu namna katuni za Kijapani zilivyowafanya wanafunzi wake waliochukia kuandika insha waandike hadithi ndefu. Wazee wa wanafunzi waliketi kwenye viti vya plastiki, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Hadia aliketi safu ya nyuma kabisa.

Mashine ilikuwa mbele, imesuguliwa, rangi yake ya manjano imerudi. Bramwel alisimama ubavuni mwake na shati lililopigwa pasi. Alikuwa ameshughulika nayo wiki sita, akibadilisha waya moja baada ya nyingine, na asubuhi ile alimwambia kila aliyepita kwamba kishikio sasa kimekuwa laini kama kipya.

Wakamwita Bingwa. Wakapiga makofi. Alwi aliketi, akashika kishikio, ndege zikaja. Alijaribu kuhesabu. Alipofika tano ndege yake ya kwanza ililipuka. Ya pili haikudumu hata kiasi hicho. Ya tatu aliipoteza akijaribu kufuta miwani kwa mkono mmoja. Yote yalikwisha kabla ya watu wa nyuma kupata nafasi ya kuona. Namba zilikuwa elfu nne na mia mbili.

Ukumbi ulinyamaza kwa namna ya adabu, na adabu ile ilimuumiza. Kisha Ghada, aliyekuwa amesimama karibu na nakala za kitabu chake, alisema kwa sauti ya kumtetea kwamba kishikio hakifanyi kazi, ameona kikikwama. Wasichana wengine wakasema nao wameona. Bramwel alisema haiwezekani. Mwalimu Wairimu, akitaka kumaliza jambo kwa wema, akamgeukia mgeni wa heshima.

"Bwana Alwi, wewe ndiye unayeijua hii mashine. Unaona ina hitilafu?"

Mashine haikuwa na hitilafu yoyote. Alwi alilijua hilo kwa viganja vyake.

"Labda," alisema.

Bramwel alitoa bisibisi mfukoni, akapiga magoti mbele ya watu wote, akafungua kifuniko. Alitafuta kwa nusu saa kitu ambacho hakikuwapo. Jasho lilimtoka mgongoni mpaka shati likamganda. Watoto walichoka kungoja wakatawanyika, na mzee mmoja alisema kwamba hawa mafundi wa siku hizi wanajifunzia kwenye mali za watu. Alwi alilisikia hilo. Alipoinua kichwa aliona Hadia amesimama, anajitanda buibui tayari kuondoka. Hadia alimtazama mara moja tu. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Alimtazama kama mtu anayetazama kitu alichokwisha kukiona zamani.

Kesho yake mchana Alwi alikwenda kwake. Hadia alikuwa kwenye cherehani, anapinda pindo la shela ya harusi. Hakusimamisha kazi.

"Umekuya kwa ndia ya nyuma," alisema. "Hukutaka kupita barzani."

Alwi alikiri. Alisema ya jana yamemtia haya, na kwamba amekuja kumwambia Ghada ukweli, kama Hadia atamruhusu.

"Yana," Hadia alisema. Akakata uzi. "Haya imekupata yana, kwa sababu umeshindwa mbele ya watoto."

Alwi alisema kwamba kila mwaka aliofikiria kusema, mwaka uliopita ulikuwa umeshalifanya jambo kuwa kubwa zaidi.

"Sifa ya ule mchezo sikuitaka," Hadia alisema. "Jina nilikupa mwenyewe, na kadibodi ningekuachia maisha. Baba nilimsamehe zamani, hata kabla hajafa. Baba hakujua." Alisukuma kitambaa chini ya sindano. "Nilipokiona kitabu cha mwanangu, nikajiona nimebeba sinia. Nikataka kucheka. Kisha nikafika pale unapohesabu. Alwi, hata kuhesabu?"

Wakati huo Ghada alikuwa amesimama kizingitini mwa chumba cha ndani, na haikujulikana amesikia kuanzia wapi. Aliuliza kuna nini. Hadia hakumsaidia Alwi. Alirudi kwenye pindo lake. Basi Alwi akasema yote, tangu ufagio na gunia la mchele mpaka Maalim na tasbihi yake, na alipofika kwenye "sijui" alisema neno lenyewe kama alivyolisema wakati ule, bila kulipamba.

Ghada alimuuliza mama yake kama ni kweli.

"Ni kweli."

"Ulikuwa wa kwanza kwa hesabu?"

"Nilikuwa."

Msichana aliketi sakafuni. Hakulia. Aliuliza, bila kumtazama mjomba wake, ni nani mwingine anayejua. Alwi alisema hakuna. Akauliza kama Bwana Bramwel naye hajui, kwani alimwona akiondoka yana na masanduku yake bila kungoja chakula. Alwi alisema hajui. Ghada alisema, kwa sauti ya chini na ya heshima, kwamba yeye ndiye aliyesema mbele ya watu kuwa kishikio kimekwama, na alisema hivyo kwa kuwa alimwamini.

Alwi aliondoka. Hakuna aliyemwambia abaki.

Jumatatu alivuka kwenda Mokowe. Bramwel alikuwa kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio na simu. Alwi alimwambia kwamba mashine haikuwa na kasoro, kwamba alilijua hilo, kwamba kasoro ilikuwa kwake. Bramwel alisikiliza akiwa ameshika simu iliyofunguliwa.

"Mimi nilidhani ni mimi," alisema mwishowe. "Nimerudi nyumbani nimesoma mchoro wa ile saketi upya, mara mbili." Kisha akasema ni sawa, mzee, asijali. Alwi angependelea atukanwe.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye barza ya kinyozi, ambapo Haidar na wenzao waliketi kila siku kabla ya magharibi na kunywa kahawa. Alisimama. Alisema zile namba za kwenye duka la Jeilani hazikuwa zake. Zilikuwa za Hadia. Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Haidar alimtazama, akacheka.

"Ule mchezo wa ndege? Bwana, mimi nakuita Bingwa kwa mazoea tu. Nani anayeukumbuka?"

Mwingine akasema kumbe dada yake alikuwa hodari, mashaallah, na mazungumzo yakarudi kwenye mpira. Kikombe cha kahawa alichopewa kilikuwa bado cha moto. Alwi alikishika bila kunywa. Kitu alichokilinda kwa gharama ya masomo ya dada yake kilikuwa hakina uzito hata wa kumfanya mtu aweke kikombe chini.

Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Alisema nusu ya pili: kwamba Hadia alimwambia baba yao kweli, kwamba hakuwa na fundi wala mtu mwingine mle dukani, kwamba yeye aliulizwa na akasema hajui. Kinyozi alizima mashine yake. Wengine waliangalia viatu vyao, maana mwaka ule maneno yale yalipita kwenye midomo yao pia, na kwenye nyumba zao.

Haidar alisema, "Mimi niliyapeleka kwetu. Nilimwambia mama." Aliinuka, akatia ndara zake, akaenda msikitini mapema, bila kumwita Alwi Bingwa wala kumwita jina lolote.

Alwi alifika nyumbani baada ya sala. Mkewe, Nour, alikuwa akichambua mchicha uani. Walikuwa na miaka kumi na minane ya ndoa. Siku ya kumposa, mashangazi wa Nour walimsifia kwamba huyu ndiye yule kijana aliyeishinda mashine ya Jeilani, na Nour bado aliwasimulia wanawe. Alimtazama mumewe akisimama pale bila kuvua kofia, akamuuliza kama anaumwa.

Alwi alivuta kigoda, akaketi mbele yake. Alikuwa amelisema jambo lile mara tatu, na alidhani mara ya nne ingekuwa nyepesi, lakini haikuwa.

"Dada Hadia," alianza, "alikuwa akitumwa kufagia duka la ami, mchana, watu wakiwa wamelala."